Sehemu Husika

Shingo ya Kamusi ilikwama Jumanne, saa tatu asubuhi, akiwa katikati ya sentensi inayomkataza msomaji kuinamisha shingo.

Alikuwa amejikunja kwenye kochi, magoti juu, kidevu kifuani, kompyuta mpakato imelala mapajani. Jina la chombo ndilo lililomponza. Aliambiwa ni mpakato, naye akakipakata kweli, miaka saba mfululizo, zaidi ya alivyowahi kuwapakata wanawe wote wawili wakijumlishwa pamoja. Simu ikaita dirishani. Akageuka kuitazama. Macho yakafika, kichwa kisifike.

"Fundi," aliita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka karibu na mguu wake.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, kama ulivyomwita mumewe Kamusi, naye mume akafuata mkumbo, alikuwa kwenye cherehani karibu na mlango akishona sare za shule. "Ngoja nimalize upindo."

"Siwezi kugeuka."

"Kugeuka uende wapi?"

"Kugeuka, Fundi. Shingo imegoma."

Fundi akaacha kukanyaga, akamtazama vizuri. Mume alikuwa amebaki vilevile, kichwa upande wa dirisha kidogo, kama mtu aliyeitwa na mpiga picha akaambiwa asitingishike. "Ulikuwa unaandika nini hapo?"

Kamusi aliisema upesi. "'Usiinamishe shingo kwa muda mrefu.'"

Fundi alijitahidi asicheke. Zilikuwa jitihada za dhati kabisa, ila hazikufika mbali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika moja lilikuwa linatafuta mtafsiri wa kuliandalia vijitabu kumi na viwili kwa mwaka, vya kuwaelekeza watu wa kawaida mambo ya kila siku. Kijitabu cha majaribio kilihusu namna ya kutumia kompyuta mpakato bila kuumia: jinsi ya kuketi, kuinua kioo, kupumzisha mikono na macho. Akifaulu, mkataba ni wake. Akishindwa, kuna kaka yake, mwenye ghala la saruji katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kaka alikuwa amemwekea nafasi ya karani wa stoo na kumpa hadi Ijumaa aseme anakuja au haji. Huko angelala kwenye chumba cha nyuma ya ghala na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Yeye na Fundi walikuwa wamekwisha kulijadili hilo, na kila walipolijadili mmoja wao alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni.

Kwamba mtu anayetafsiri kijitabu cha kuketi vizuri awe ameketi vibaya namna ile, Kamusi hakuona ajabu. "Aliyetafsiri kitabu cha kuogelea halazimiki kulowa," alipenda kusema. Kazi yake ilikuwa ya kichwa. Mambo ya mgongo na viwiko aliwaachia wenye kazi za mikono, na hapo alikuwa na kawaida ya kutupa jicho kwenye cherehani bila kujua kwamba anatupa jicho kwenye cherehani. Fundi alijua.

"Mganga hajigangi," Fundi alisema, akamwondolea kompyuta mapajani kama mtu anayemchukua mtoto aliyelala. "Nenda dukani ukanunue dawa ya kuchua. Pole pole."

*

Mtu mwenye shingo iliyokwama hana shida kubwa akiwa amelala au akitazama ukuta. Shida ni watu. Kamusi alitoka nyumbani uso umeelekea kulia kidogo, na kila aliyemsalimia kutoka kushoto hakupata hata ncha ya jicho.

"Habari za asubuhi, Kamusi!"

"Nzuri," Kamusi aliujibu mti wa ua wa jirani.

Kuna watu ambao angewaeleza, lakini kueleza nako kulitaka kugeuka, na kugeuka kulimtaka azunguke mwili mzima, hatua nne ndogo, kama kabati linalohamishwa. Alipomaliza kuzunguka, aliyemsalimia alikuwa ameshapita na kinyongo chake.

Mshona viatu wa pembeni hakungoja apite. "Mnamwona?" aliwaambia wateja wake. "Ameonja kazi ya mashirika tu, keshakuwa na shingo ngumu."

"Siyo hivyo," Kamusi alisema, akianza kuzunguka.

"Haya, endelea tu na safari, mheshimiwa. Sisi tupo hapahapa."

Dukani alimkuta muuza duka amepanga dawa za kuchua kwenye rafu ya juu kushoto, ambako Kamusi hakuweza kuelekeza macho. Akaelekeza kidole kwa kukisia. Akapewa dawa ya mende. Akairudisha. Akapewa mshumaa. Muuza duka, ambaye Kamusi aliwahi kumsahihishia kibao chake mbele za watu, alikuwa na raha isiyofichika. Alimpa dawa yenyewe mara ya tatu na kumshauri apunguze kusoma.

Alirudi nyumbani akinuka karafuu na kafuri, amenuna. Jambo lililomkera zaidi ya maumivu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemhurumia. Mtu akivunjika mguu kwa kubeba mizigo, watu humletea uji. Mtu akiumia kwa kuketi, watu humcheka, na yeye mwenyewe, angekuwa mwingine, angecheka.

*

Lakini shingo haikuwa tatizo lake la kwanza. Tatizo la kwanza lilikuwa limefika Jumapili, limebeba mkoba mdogo wa buluu, na lilikuwa linalala chumba cha watoto kwa kuwa watoto walikuwa shule ya bweni. Huyo ni Mama, yaani mama yake Fundi, mkwewe.

Mama alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, mchache wa maneno. Katika miaka kumi na moja ya ndoa Kamusi hakuwahi kumtazama usoni zaidi ya muda wa kusema shikamoo. Akiingia sebuleni, Kamusi alitoka. Akinyoosha miguu mkekani, Kamusi aligeukia ukuta na kuuuliza ukuta kama Mama amelala salama. Chakula alikula chumbani. Ndivyo alivyolelewa, kwamba mkwe ni mtu wa kusitiriwa, na yeye alimsitiri hasa.

Sasa barua ya shirika ilikuwa na sharti. Siku ya Alhamisi angekuja mkaguzi nyumbani. Mtafsiri atafute mtu mmoja wa zaidi ya miaka hamsini, ambaye hajawahi kutumia kompyuta, kisha amsomee maelekezo kwa sauti. Asimwonyeshe kwa mkono, asimfafanulie neno. Mtu akiweza kuketi sawasawa kwa kusikia tu, kijitabu kimefaulu. Kikifeli, mtafsiri anaruhusiwa kurekebisha mara moja, kwa dakika ishirini, na kusoma tena mwenyewe. Baada ya hapo basi.

Kamusi alitafuta mtaani. Wanawake aliowafuata walikuwa na biashara zao siku ya Alhamisi. Mlinzi mstaafu alikubali, kisha ikajulikana kwamba aliwahi kucheza karata kwenye kompyuta ya mwajiri wake miaka mitatu mfululizo.

"Mama yupo," Fundi alisema Jumapili ileile, mbele ya Mama, kabla mume hajapata nafasi ya kukohoa.

"Nitafanya," Mama alisema. Kamusi aliushukuru ukuta.

Na tangu dakika hiyo tafsiri ikaingia ugonjwa. Kijitabu kile hakikuwa na haya. Kilisema makalio yafanywe nini, mapaja yalale vipi, kiuno kiegemezwe na nini. Kamusi alisoma ukurasa wa kwanza akijiona amesimama mbele ya mkwewe akiyatamka hayo, jasho likamtoka. Akatafuta njia ya adabu. Makalio akayaandika "sehemu husika." Mapaja yakawa "maungo ya kati." Kiuno akakizunguka kabisa, akaandika "nyuma, upande wa chini." Alipomaliza aliisoma tena akajipongeza. Ilikuwa safi. Ungeweza kuisoma kwenye mazishi.

*

Jumatano Fundi alimkuta amelala chali sakafuni, kompyuta imesimamishwa tumboni, akiandika kwa kidole kimoja.

"Inuka," alisema. "Leo tunakukalisha kwa kijitabu chako mwenyewe. Wewe soma, mimi nakupanga."

"Nina kazi, Fundi."

"Kazi gani utafanya ukiwa umelala kama maiti? Inuka."

Alimsogezea kiti cha mezani, akaweka kompyuta kwenye meza ya kukatia vitambaa. Kamusi akaketi kama anavyoketi siku zote, mgongo umeteleza hadi shingo ikabaki inaning'inia. Akasoma: "'Sogeza sehemu husika hadi mwisho wa kiti.'"

Fundi alisubiri. "Sehemu ipi?"

"Husika."

"Husika ipi?"

Kamusi alitupa jicho kwenye mlango wa chumba cha watoto, kwa kadiri shingo ilivyoruhusu, kisha akanong'ona. "Makalio."

"Sikusikia."

"Umesikia."

Fundi alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, akacheka hadi akashika mbavu. Kiti hicho alikikata miguu mwenyewe kwa msumeno mwaka wa kwanza wa ndoa, vidole vitatu, ili nyayo zake zikae bapa sakafuni. Kamusi alimcheka wakati ule. Miaka kumi na moja imepita na Fundi hajawahi kuomba dawa ya kuchua.

"Hii ndiyo unataka kumsomea Mama kesho? Mtu hajui husika ni kitu gani, atasogeza nini?"

"Ataelewa kwa mantiki. Mtu anaketi kwa kutumia nini?"

"Andika basi hilo analolitumia."

"Siwezi kusimama mbele ya mama yako nikasema makalio."

"Mimi nawapima watu kila siku. Kifua, kiuno, makalio. Wazee wa heshima, wake kwa waume. Hakuna aliyekufa."

"Wewe ni fundi. Mimi ni mkwe."

"Basi kesho utakuwa mkwe, na Ijumaa utakuwa karani wa saruji."

Hilo lilikuwa limetoka kabla hajalipima. Fundi alirudi kwenye sare zake, akakanyaga pedeli kwa nguvu kuliko upindo ulivyohitaji. Kamusi akainama tena juu ya kompyuta, akabadilisha "husika" kuwa "inayohusika," akaona ni maendeleo, kisha akairudisha.

*

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne kamili. Alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, viatu vya raba, fomu kwenye ubao wa kuandikia, na uso usiosema kitu. Alikataa chai kwa adabu, akakubali maji, akaketi pembeni.

Kila kitu kilikuwa tayari. Meza ya kukatia ilikuwa imesafishwa. Juu yake palikuwa na kompyuta mpakato, kibodi ya kuchomeka na kipanya, vyote viwili vya kuazima kwa mpiga chapa wa mtaa wa pili, kamusi tatu nene za kuinulia kioo, na kipande cha kitambaa kilichoviringishwa. Mama alisimama karibu na kiti, amevaa gauni lake la kutokea. Fundi alisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Mama, fuata unachosikia tu," Mkaguzi alisema. "Ukiwa hujui, fanya unavyodhani. Na wewe baba, mikono nyuma. Soma tu."

Kamusi akaweka karatasi mezani, mikono akaifunga mgongoni. Kwa kuwa shingo haikuinama vizuri, ilimbidi arudi hatua mbili ili aione. "'Moja. Keti kwenye kiti imara.'"

Mama aliketi pembezoni mwa kiti, kama mgeni anayengoja kuambiwa karibu.

"'Mbili. Sogeza sehemu husika hadi mwisho wa kiti.'"

Mama alimtazama. Kamusi aliutazama ukuta. Mama akafikiri. Kitu kinachohusika na mambo haya yote ni kipi? Tangu Jumapili hadi leo nyumba nzima ilikuwa inazungumzia kompyuta. Akainuka, akaibeba kompyuta kwa mikono miwili kama sinia, akaiweka mwisho wa kiti, nyuma kabisa. Kisha akaketi kwenye inchi nne zilizobaki.

Mkaguzi akaandika kitu.

"'Tatu,'" Kamusi alisema. "'Maungo ya kati yalale bapa.'"

Katikati ya mtu ni tumboni, hilo halihitaji shule. Mama akajisogeza mbele, akalilaza tumbo mezani, mikono imetandazwa huku na huku kama mtu anayeshikilia kitambaa kisipeperuke. Fundi aliuma ncha ya futi ya kupimia.

"'Nne. Kitambaa kilichoviringishwa kiwekwe nyuma, upande wa chini.'"

Mama akakichukua kitambaa, akainama, akakiweka sakafuni nyuma ya visigino vyake.

"'Tano.'" Kamusi alijua sasa. Alitaka kuacha, na hakuwa na ruhusa ya kuacha. "'Kioo cha chombo kiwe usawa wa macho.'"

Mama aliinuka, akageuka, akakitazama kiti kilichobeba kompyuta. Macho yake yalikuwa juu mno. Akakunja gauni kidogo, akaweka goti la kwanza kwenye saruji, kwa tabu, akishika ukingo wa kiti, kisha goti la pili. Hapo macho yakalingana na kioo. Akabaki hivyo, akingoja namba sita.

Kamusi alimwona mkwewe amepiga magoti. Miaka kumi na moja alikuwa akimkwepa ili asimvunjie heshima, akaacha hata kula naye meza moja, na sasa mwanamke huyu wa miaka sitini na mitatu alikuwa sakafuni mbele ya mgeni kwa sababu ya adabu yake. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona.

"Inatosha," Mkaguzi alisema. "Mama, inuka tafadhali. Dakika ishirini."

*

Jikoni Fundi hakusema nilikuambia. Alichukua penseli iliyokuwa sikioni, akatandaza karatasi juu ya mfuniko wa ndoo, akaanza kufuta. Kamusi alisimama karibu naye, mwili mzima ukiwa umeelekea jiko.

"Soma wewe," alisema. "Umwambie una sauti nzuri."

"Wamesema asome mtafsiri."

"Niseme naumwa."

"Sema. Kisha niambie sanduku lako nilipange leo au kesho."

Simu ikatetema mfukoni. Kaka yake. Kamusi aliiacha itetemeke hadi ikachoka.

"Sitaki kwenda kule, Fundi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa ufupi namna ile. Siku zote alikuwa akisema kwamba nafasi ina faida zake.

"Na mimi sitaki uende." Penseli ikasimama. "Nyumba hii bila wewe kwenye hilo kochi, ingawa unalikalia vibaya, sijui nitamsema nani."

Akaendelea kuandika. Aliandika kama anavyomweleza msaidizi namna ya kukata kola, kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa jina lake. Alipomaliza alimpa. Kamusi akaisoma kimya. Mwenye macho angekubali kwamba haikuwa na uzuri wowote. Kila neno lilikuwa mahali pake.

"Maneno nimekuandikia," Fundi alisema. "Mdomo ni wako."

*

Mama alikuwa amekwisha kusimama karibu na kiti, gauni limepanguswa vumbi magotini, kompyuta imerudishwa mezani. Mkaguzi aliangalia saa yake, akaitikia kwa kichwa.

Kamusi akaweka mikono nyuma. "Moja. Keti kwenye kiti."

Mama akaketi pembezoni.

"Mbili. Sukuma..." Cherehani, mlango, karatasi, vyote vilimtazama Kamusi. "Sukuma..."

Mkaguzi akashusha kalamu karibu na fomu.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," Mama alisema, bila kugeuka. "Sema tu."

Hilo lilikuwa kinyume na masharti, lakini Mkaguzi ghafla aliona kitu cha kuvutia kwenye kiatu chake.

Kamusi aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akamtazama mkwewe usoni. Aliona kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi ya kulia. Hakulijua. "Sukuma makalio yako nyuma, Mama, mpaka yaguse egemeo la kiti."

Paa halikuanguka. Mama akajisukuma nyuma, mara moja, akafika.

"Tatu. Nyayo zako zikanyage sakafu bapa, na mapaja yalale sawa juu ya kiti. Kama miguu inaning'inia, weka kitu chini yake." Miguu haikuning'inia. "Nne. Kitambaa kilichoviringishwa kiweke nyuma ya kiuno chako, pale panapobonyea." Mama akakiweka, akaegemea, na uso wake ukaonyesha kwamba pale panapobonyea palikuwa pamesubiri muda mrefu. "Tano. Panga vitabu chini ya kompyuta mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho yako."

Mama alipanga kamusi moja, mbili, akajipima kwa macho, akaongeza ya tatu. Vitabu vile vilikuwa havijafanya kazi nzito namna hiyo kwa miaka.

"Sita. Weka kibodi na kipanya mbele yako, karibu. Viwiko vibaki ubavuni, viganja vinyooke, visipinde juu wala chini. Saba. Mabega yashushe. Yaache."

Mabega ya Mama yakashuka. Na Fundi, kule mlangoni, bila kujua, akashusha yake.

"Nane. Kila baada ya nusu saa inuka, tembea kidogo, tazama mbali."

Mama akainuka. Mkaguzi alifungua kinywa kumwambia kwamba hiyo ilikuwa ya baadaye, akaghairi. Mama alitembea hadi mlangoni, akampita binti yake, akatazama mbali kule mwisho wa mtaa kwa muda wa kutosha, akarudi, akakaa, makalio nyuma, nyayo bapa, akaweka vidole juu ya kibodi kama mtu aliyezaliwa karani.

"Tayari," alisema.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa uso uleule, kwamba mkataba utaletwa Jumatatu, na kwamba ofisi ingependa kujua nani aliandika toleo la pili.

Kamusi aliona mlango wa uongo ukiwa wazi na mpana. "Mke wangu," alisema. "Mimi nililisoma tu, na hata kusoma mlinisaidia."

"Basi mkataba utakuwa na majina mawili. Kijitabu kinachofuata ni cha kunyonyesha."

Kamusi alifumba macho.

"Cha nini?" Mama aliuliza.

"Kunyonyesha, Mama."

"Hicho nakijua. Mwambieni anisomee, nitamsahihisha."

*

Mkaguzi alipoondoka, Fundi alimsindikiza hadi barabarani. Kamusi alimpigia kaka yake, akamshukuru, akamwambia haji. Ilikuwa simu ya dakika moja. Alipoirudisha mfukoni akagundua kwamba yuko sebuleni peke yake na mkwewe, na kwamba miguu yake, kwa mazoea, imeshaanza kwenda chumbani.

"Ngoja kwanza," Mama alisema. Alikuwa bado kwenye kiti. "Miaka kumi na moja unanisalimia ukiwa umeangalia ukuta. Mimi nilidhani hunipendi."

"Hapana, Mama."

"Nilidhani unaniona mzigo. Ndiyo maana nikija nakaa wiki mbili, sikai tatu. Hata nguo zangu sizitoi mkobani."

Kamusi alizitazama kamusi zake tatu pale mezani. "Ilikuwa heshima, Mama."

"Leo nimejua. Lakini heshima ikizidi, mtu hajui kama anaheshimiwa au anakimbiwa." Hakusema kwa hasira. "Nilipiga magoti pale chini nikajiambia, huyu kijana ana maneno mengi hivi, mbona hana hata moja la kuniambia mimi? Kisha ukaniambia."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu uliposema lile neno. Sijawahi kusikia mtu akilitamka kwa woga namna ile." Mdomo wa Mama ulitetemeka upande mmoja, kisha upande wa pili, akaushinda. Aliinuka, akakizungusha kiti, akakipigapiga egemeo. "Haya, njoo. Shingo imekupinda kama bomba la mvua. Keti."

Kamusi akaketi. Alikuwa hajawahi kuketi huku mkwewe amesimama.

"Sukuma makalio nyuma, mwanangu."

Akayasukuma. Mama akamwekea kitambaa nyuma ya kiuno kwa mkono wake mwenyewe, akampiga bega kidogo ili lishuke, na Kamusi akaanza kucheka. Alicheka mbele ya mkwewe kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake, machozi yakamtoka, na kila alipocheka shingo ilimuuma vibaya sana, na hakuweza kuacha. Fundi alipoingia aliwakuta hivyo, mama yake ameshika meza, mumewe ameketi wima kabisa, wote wawili hawajiwezi. Akauliza kuna nini. Hakuna aliyeweza kumjibu, na mama yake, akiwa bado anajifuta macho, akamwambia aende chumba cha watoto akamtolee nguo zake mkobani.